"Kama Ipo, Mbona Haionekani?" Supanova ya 1987 na maneno yanayonichosha

Kila nikisimika darubini uwanjani hapa Moshi, iwe kwa wanafunzi au kwa waongoza watalii wanaojifunza anga la kusini, swali ni lile lile. "Mwalimu, ile nyota iliyolipuka 1987, kama iliacha kitu, mbona hamkioni? Si imeshaisha?" Mwingine anadakia: "Imekuwa shimo jeusi hiyo." Leo najibu kwa maandishi, nipumzike.

"Haionekani, basi haipo."

Ipo: ni nyota ya nyutroni, yaani kiini cha nyota ile kilichogandamizwa mno, na ilijitangaza kabla mlipuko wenyewe haujaonekana. Tarehe 23 Februari 1987, saa chache kabla ya mwanga kufika, matangi makubwa ya maji yaliyo chini ya ardhi yalinasa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu: Kamiokande kule Japani 11, IMB kule Marekani 8. Msihesabu idadi tu, angalieni muda: ziliendelea kuingia kwa zaidi ya sekunde kumi. Hivyo ndivyo inavyojipooza nyota ya nyutroni iliyotoka kuzaliwa. Kiini kingegeuka shimo jeusi papo hapo, mkondo ule ungekatika ghafla. Kuporomoka baadaye kunawezekana, lakini anayesema hivyo alete ushahidi.

Sasa, mbona hatuioni? Kwanza, ni kitu chenye upana wa kilomita 20 hivi, kikiwa umbali wa miaka nuru 168,000 hivi, ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Pili, na hili ndilo watu hawataki kulisikia, nyota ilipolipuka ilijifunika kwa vumbi lake yenyewe. Mwaka 2011 darubini ya anga ya Herschel ilionyesha kuwa vumbi hilo lina uzito unaokaribia nusu ya Jua. Umewahi kufuata lori usiku kwenye barabara ya vumbi kule Simanjiro? Lori hulioni. Unaona vumbi likimulikwa na taa zake.

Basi watafiti wanatafuta mmuliko huo. Mwaka 2019 darubini za redio za ALMA kule Chile zilionyesha bonge la vumbi lenye joto kuliko vumbi jirani, karibu na mahali nyota ya nyutroni inapotarajiwa kuwa. Kisha 2024 yakatoka matokeo ya darubini ya James Webb: katikati kabisa ya mabaki kuna atomi za agoni na salfa zilizopokonywa elektroni. Baadhi ya agoni imepoteza elektroni tano. Gesi haifiki hapo bila kupigwa na mnururisho mkali, na chanzo kinachoingia akilini ni nyota ya nyutroni. Bado hakuna aliyeiona yenyewe, hilo nakubali. Ila kati ya "haijaonekana" na "haipo" pana safari ndefu.

Na haraka ina gharama. Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka huku ikitupa miale kama taa ya mnara, imepatikana pale, inazunguka karibu mara 2,000 kwa sekunde. Baadaye ikabainika ni muingiliano wa umeme kutoka kamera ya televisheni iliyokuwa kwenye darubini yenyewe! Kwa hiyo msinisukume niseme "imeonekana" ili mfurahi.

"Pulsa ingekuwepo, tungepokea mapigo yake." Mwale wake ukipita pembeni ya Dunia, hupokei chochote, hata vumbi lisingekuwepo.

"Supanova zote huacha shimo jeusi." Ile ya mwaka 1054, waliyoiandika Wachina, iliacha pulsa ndani ya wingu la mabaki yake, Nebula ya Kaa. Inazunguka mara 30 kwa sekunde mpaka leo. Na zipo supanova nyingine ambazo nyota huteketea yote, isibaki kitu.

"Jua letu nalo litalipuka." Halina uzito huo. Tuendelee.

"Ninunue darubini kubwa niitafute." Usipoteze hela yako. Mabaki yale hutayaona kwa darubini ya dukani, na nyota yenyewe ndiyo kabisa. Nunua binokula nzuri, mwezi wa Januari toka nje ya mji penye giza, saa nne usiku, uupe mlima mgongo. Watu wa Moshi mna tabia ya kukodolea macho Kilimanjaro, na Arusha vivyo hivyo na Meru, wakati Wingu la Magellan liko kusini, ngumi mbili na nusu hivi juu ya upeo ukinyoosha mkono. Utaona doa hafifu jeupe. Mlipuko ulitokea humo. Na mwezi ukiwa mpevu, msinipigie simu.