Soda isiyo na sukari na vyuma vya meno

Wengi wenye vyuma vya kunyooshea meno huamini kwamba kinachobandua vile vidude vilivyogandishwa kwenye jino ni vyakula vigumu tu, kama miwa, mahindi ya kuchoma na barafu, na kwamba soda isiyo na sukari haina neno. Kuhusu miwa wako sahihi kabisa. Kwenye soda kuna jambo limesahaulika: asidi.

Kila kidude hushikwa na gundi iliyojipenyeza kwenye vitundu vidogo mno vya tabaka gumu la nje la jino. Tabaka hilo huanza kuyeyuka pH ya mdomoni, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi huwa kali zaidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi. Kola huwa na pH ya karibu 2.5, na kuondoa sukari hakuondoi ukali huo. Ukinywa mara moja, mate hurekebisha. Ukinywa kidogo kidogo mchana kutwa, jino hulainika pembezoni mwa gundi, pale pale panapotokea madoa meupe ambayo watu huyaona vyuma vikishatolewa.

Dawa za kusukutua nazo hazifanani. Zenye alkoholi nyingi zinaweza kulainisha gundi yenyewe. Zenye floraidi bila alkoholi husaidia kulinda jino.

Geuza chupa usome viambato: E338 ni asidi ya fosforiki, E330 ni asidi ya sitriki. Juisi ya ukwaju au ndimu haina lebo, ila uchachu wake unatosha kukujulisha. Ukishakunywa, sukutua kwa maji, kisha subiri kama nusu saa ndipo upige mswaki. Kidude kikilegea, usikigandishe mwenyewe. Rudi kwa daktari wako wa meno mapema.