Dingi ya yoti ya zamani hutafutwa kwanza juu ya sitaha

Mwaka juzi mwenye yoti moja ya mbao iliyoundwa Uingereza mwaka 1936, ambayo siku hizi hutia nanga Tanga, alikuja karakanani kwangu Moshi akiwa na picha ya dingi ya fibaglasi aliyoinunua kwa bei nzuri. Alitaka kujua kama nikiipaka rangi nyeupe na kuifunga ukingo wa msaji itafaa kukaa juu ya sitaha ya chombo ambacho tulikuwa tumehangaikia kukirejesha katika hali yake ya asili kwa miaka mitatu. "Mzee, hiyo itatufaa kwa kwenda na kurudi ufukoni," nilimjibu, "lakini si ya chombo hiki." Hakukasirika. Alisema, "Basi fundi, nionyeshe iliyo yake," na kazi ya kumwonyesha ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Dingi, kwa msomaji ambaye hajaishi pwani, ni ile mashua ndogo inayobebwa au kukokotwa na chombo kikubwa ili kuwafikisha watu na mizigo nchi kavu, kazi ileile ambayo hori limeyafanyia majahazi yetu tangu zamani. Neno lenyewe limetoka upande wetu wa bahari, kwa maana Waingereza walilichukua Bara Hindi, ambako ni jina la mashua ndogo za mtoni. Uhusiano wa chombo na mashua yake nao ni wa kale sana: meli ya Gokstad ilipofukuliwa katika kaburi lake huko Norwei mwaka 1880, zilikutwa pamoja nayo mashua ndogo tatu zilizokuwa zimezikwa humo kwa karibu miaka elfu moja. Kwa sababu hiyo, yoti iliyorudishiwa mlingoti, matanga na shaba zake zote, kisha ikabebeshwa dingi ya plastiki, mimi huihesabu kuwa bado haijamalizika.

Wengi huanza kutafuta kwa wauzaji, wakiulizia dingi yoyote ya mbao iliyo kuukuu. Nadhani hilo ni kosa, kwa kuwa ukuukuu peke yake hauifanyi dingi kuwa halisi. Dingi huwa halisi inapolingana na chombo chake kwa zama, kwa namna ilivyoundwa na kwa kipimo, na shahidi wa kwanza wa mambo hayo matatu ni sitaha yenyewe.

Katika yoti ile, tulipokwangua rangi ya paa la kabini tabaka baada ya tabaka, tulikuta vizibo vinne vya mbao vilivyopangwa wawiliwawili, jozi moja ikiwa mbali na nyingine kwa sentimita 142, na kuvizunguka kulikuwa na mbao zilizobonyea kidogo na kubadilika rangi. Hapo ndipo vilipokuwa viegemeo vya dingi. Tangu siku ile sikuhitaji tena kubahatisha, kwa sababu nafasi iliyobaki kati ya mlingoti na dirisha la paa ilinionyesha kwamba dingi haikuweza kuzidi mita 2.6 kwa urefu, na umbali wa kutoka kiegemeo hadi kiegemeo ulinionyesha ni wapi ubavu wake ulipokuwa na nguvu ya kubeba uzito. Kipimo ambacho watu husahau ni cha kwenda juu. Mti wa chini unaoshikilia tanga kuu hupita juu ya dingi kila chombo kinapogeuka, na kwa hiyo kina cha dingi iliyofunikwa kifudifudi, pamoja na mkuku wake, yaani uti wake wa chini, lazima kiwe pungufu ya nafasi hiyo, la sivyo mti utaivunja katika upepo wa kwanza wa maana. Uzito nao hukadiriwa hivyohivyo, kwa kuwa chombo kidogo kama kile hakina winchi ya kupandishia dingi. Mabaharia wawili na kapi ndio wanaoiinua, na dingi ya mbao ya urefu ule, yenye kilo 50 hivi, wanaimudu.

Baada ya sitaha huja karatasi na picha. Lloyd's Register of Yachts, daftari lililochapishwa kuanzia mwaka 1878 hadi 1980, hutaja mbunifu, karakana, mwaka na vipimo vya yoti, na ukishaijua karakana unajua pia desturi za mafundi wake. Daftari hilo halielezi dingi, na hapo ndipo picha zinaposaidia: studio ya Beken ya Cowes imekuwa ikipiga picha za yoti zikiwa baharini tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mara nyingi dingi huonekana imelala juu ya sitaha. Sisi tulisaidiwa na albamu ya familia iliyowahi kuimiliki yoti hiyo. Katika picha moja, nyuma ya watoto waliokuwa wakila embe, dingi ilionekana kifudifudi, na kwa kioo cha kukuzia niliweza kuhesabu mbao tisa katika ubavu wake, zilizopandana kama mabati ya paa.

Kupandana huko kwa mbao ni jambo kubwa. Majahazi yetu huundwa kwa mbao zinazokutana ukingo kwa ukingo, na mianya yake huzibwa kwa kalafati. Lakini dingi za Ulaya ya Kaskazini za zama zile ziliundwa kwa mbao nyembamba za milimita sita hadi nane, kila ubao ukiupanda wa chini yake, zikakazwa kwa ribiti za shaba, yaani misumari inayokunjwa ncha upande wa pili, pasipo kalafati yoyote. Ni mbao zenyewe zinazobanana na kuzuia maji. Uundaji huo huzaa mashua nyepesi na ngumu, na jicho lililozoea huutambua kutoka mbali.

Tukiwa na vipimo hivyo mkononi, tulianza kuulizia. Habari ya kwanza ilitoka Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, ambako mzee mmoja alikuwa amehifadhi mashua bandani kwa miaka mingi. "Shikamoo mzee," nilimwambia, "nimekuja kuiona ile mashua." Alinipeleka akiwa na ufagio mkononi, akaifagia vumbi kabla hajaniruhusu kuigusa. Ilikuwa na urefu wa mita 3.66 kamili, mbao zimepandana, ribiti zote za shaba, ikifanana kwa kila hali na dingi ya futi 12 iliyobuniwa na George Cockshott na kuanza kuundwa mwaka 1913, aina ambayo ilishindaniwa katika Olimpiki za mwaka 1920 na 1928. Sijaona mashua nzuri kuliko ile katika mkoa wa Arusha. Hata hivyo, ilikuwa imezidi nafasi yetu kwa zaidi ya mita nzima, na isitoshe ni mashua ya mashindano yenye heshima yake yenyewe. Kuikata au kuikokota baharini kama hori la mizigo kungekuwa kuidhulumu. Nilimshauri mzee aiondoe karibu na bati la moto na aiwekee chini majani mabichi, kwa sababu mbao zikikauka mno hupasuka kwenye ribiti.

Ya pili ilikuwa Moshi hapahapa, katika bustani ya nyumba moja ya Shanty Town, na muuzaji aliamini kwamba ni ya miaka ya 1930. Dakika tano zilitosha. Parafujo zake zilikuwa na kichwa cha msalaba, aina ambayo Henry Phillips aliipatia hataza Marekani mwaka 1936 tu, na ubavu wake ulikuwa wa plaiwudi iliyounganishwa kwa utepe wa fibaglasi na gundi, mtindo ulioenezwa na dingi ya Mirror, kazi ya Jack Holt na Barry Bucknell ya mwaka 1962. Mbao za Mirror hushonwa kwanza kwa waya wa shaba kabla ya kugundishwa, na kila nikiiona hukumbuka mitepe ya Lamu iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja.

Hapo nilimwambia mwenye chombo kwamba njia ya kweli iliyobaki ni kuunda dingi mpya kwa umbo lililo katika picha, kwa vipimo vya sitaha na kwa mbinu za mwaka 1936, kisha kuandika wazi imeundwa wapi na lini. Wapo warejeshaji wanaopendelea kitu kikuukuu kisicho cha ukoo huo kuliko kipya kilicho sahihi. Mimi siungani nao.

Kwa mbao za ubavu nilichagua mkangazi, kwa kuwa mahogani ya Kiafrika iliyokuwa ikipelekwa Ulaya kuundia mashua ni ndugu wa karibu wa mti wetu huu. Mataruma, yaani miti iliyopindwa inayoimarisha mbao kwa ndani, yalinisumbua zaidi. Uingereza wangetumia mwaloni mbichi au elmi. Mimi nilijaribu mgrevilea uliokatwa karibuni, ule tunaoupanda kuipa kahawa kivuli, nikauweka kwenye sanduku la mvuke kwa kanuni ya kale ya saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Manne kati ya kumi ya kwanza yalikatika, mpaka nilipojifunza kuchagua vipande ambavyo nyuzi zake zimenyooka toka mwisho hadi mwisho. Ribiti ziligongwa na watu wawili, mmoja akishikilia chuma nje na mwingine akiikunja shaba juu ya kipete kwa ndani. Vilete, yaani vishikizi vya makasia, ni vya shaba nyeusi iliyosubiwa hapa mjini. Kamba ya kuzungushia ukingo tuliisokota kwa katani, nyuzi za mkonge ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, kwa kuwa nailoni haikuwapo yoti hii ilipoundwa. Ndani ya ubao wa shetri, yaani wa nyuma, nilichonga neno Moshi na mwaka.

Kulikuwa na tatizo moja la mahali. Hewa ya Moshi ni kavu kuliko ya Tanga. Kipimo changu cha unyevu kilisoma asilimia 11 katika mbao karakanani, na asilimia 16 katika sitaha ya yoti. Mbao zilizobanwa sawasawa huku juu zingevimba kule chini na kuvuta ribiti zake, basi niliacha mipandano ya karibu na mkuku ikiwa imelegea kwa kiasi cha unene wa karatasi.

Siku ya kwanza majini, Tanga, dingi ilivuja hata mwenye chombo akaniangalia kwa wasiwasi. Tuliiacha imefungwa gatini usiku kucha ikiwa imejaa maji nusu, tukaikumba asubuhi, tukaiacha tena. Asubuhi ya siku ya tatu ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani yake, ilikuwa kavu. Tuliipandisha kwa kapi, tukailaza juu ya viegemeo vipya vilivyofungwa katika matundu yaleyale manne, na mti wa tanga kuu ukapita juu ya mkuku wake ukiacha nafasi ya vidole viwili.