Je, wajua kwa nini treni inayokuja kasi huonekana kama inatambaa?

Ajali inapotokea mahali barabara inapokatiza reli, maelezo huwa hayakawii. Dereva hakuangalia; alikuwa na haraka; alisikia honi akaipuuza. Maelezo hayo yana ukweli wake, kwa kuwa madereva wa namna hiyo wapo, lakini yanawasahau wale wanaostahili kufikiriwa zaidi: waliosimama, wakatazama, wakaiona treni kwa macho yao, wakakadiria kwamba muda upo, wakaingia. Hao hawakukosa umakini. Macho yao yaliwapa kipimo kisicho sahihi, na namna macho yanavyokosea mbele ya kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja ni jambo la ajabu ambalo wataalamu wa saikolojia wamelichunguza kwa takriban miaka 40.

Kwa wakazi wa Moshi na Arusha suala hili liko mlangoni. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Huduma ya abiria ilisimama kwa zaidi ya miaka 20, kisha ikarejea Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Katika kipindi hicho cha ukimya watu walizoea kuvuka reli bila kutazama kulia wala kushoto, kwa sababu mara nyingi hapakuwa na cha kutazama. Hata sasa treni hupita mara chache kwa wiki, na mwendesha bodaboda anayevuka reli asubuhi na jioni anaweza kupitisha siku nyingi bila kukutana nayo hata mara moja.

Imani ya kwanza inayohitaji kusahihishwa ni kwamba kitu kikubwa kiasi hicho mtu hawezi kukikosea. Ukubwa husaidia kuiona treni, lakini hausaidii kuipima. Kutambua kwamba treni ipo ni kazi moja ya ubongo. Kukadiria kwamba itafika baada ya sekunde ngapi ni kazi nyingine kabisa, na mtu anaweza kufaulu kabisa katika ile ya kwanza huku akishindwa vibaya katika ya pili bila kuhisi tofauti yoyote moyoni. Ndiyo maana ushauri wa kuangalia kulia na kushoto, ingawa ni wa lazima, hautoshi. Anayevuka reli anatakiwa kuangalia, na kisha asiamini sana kile alichokiona kuhusu mwendo.

Imani ya pili ni kwamba treni za reli hii ya zamani, ambayo upana wake ni mita moja, ni za polepole, kwa hiyo hata ukikosea kidogo unawahi. Tuchukue mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao kwa gari barabarani hakuna anayeuita wa kasi. Katika mwendo huo treni hukata karibu mita 14 kila sekunde. Muda wa kumwambia abiria wako kwamba ipo lakini iko mbali unatosha treni kusogea zaidi ya mita 30.

Imani ya tatu, na pengine ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, ni kwamba dereva wa treni akikuona atafunga breki. Atafunga, lakini haitasaidia. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana, na ni chuma hichohicho kisichobonyea kinachowezesha kichwa kimoja cha treni kuvuta mamia ya tani bila kutumia mafuta mengi. Huwezi kuupata unafuu huo wakati wa kuvuta halafu usilipe wakati wa kusimama. Zaidi ya hapo, breki za mabehewa hufanya kazi kwa upepo unaopita kwenye bomba kutoka mbele hadi nyuma, na kwenye treni ndefu ya mizigo zinapita sekunde kadhaa kabla behewa la mwisho halijaanza kushika. Treni ya namna hiyo ikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa huhitaji mita mia kadhaa ili isimame, na usukani wa kulikwepa lori haina. Honi inayosikika makutanoni ni taarifa kwamba treni inapita. Si ombi la kujadiliana nani apite kwanza.

Sasa tuje kwenye macho yenyewe. Mtu aliyesimama karibu na reli na kutazama kando yake anaiona treni kwa mbele tu. Haimpiti kutoka kushoto kwenda kulia kama gari analoliona akiwa kando ya barabara. Inabaki palepale machoni, na dalili pekee ya mwendo ni kwamba sura yake inakua. Ubongo hauna rula ya kupima mita. Kinachoufikia ni upana wa sura hiyo ndani ya jicho, na kasi ya kukua kwake ndiyo hutumika kukadiria muda uliobaki.

Upana huo unaweza kupimwa kwa mkono. Nyoosha mkono mbele yako: upana wa kidole cha mwisho ni kama digrii moja ya kile unachokiona, na wa kidole gumba ni kama digrii mbili. Sehemu ya mbele ya kichwa cha treni ina upana wa karibu mita 3. Treni ikiwa mita 400 kutoka ulipo, upana huo haufiki hata nusu ya kidole cha mwisho; ni mdogo kidogo kuliko mwezi mpevu angani. Ikifika mita 200 inakaribia upana wa kidole kizima cha mwisho. Mita 100, inakaribia kidole gumba. Mita 50, vidole gumba viwili.

Tazama sasa sekunde zilivyogawanyika. Kwa kilomita 50 kwa saa, treni hutumia zaidi ya sekunde 14 kutoka mita 400 hadi mita 200, na katika muda wote huo sura yake imekua kwa chini ya nusu ya kidole cha mwisho. Ukuaji mdogo hivyo, uliotandazwa kwenye sekunde nyingi hivyo, ni vigumu kwa jicho kuuhisi. Anayetazama kwa sekunde 2 au 3 ataapa kwamba treni imesimama. Kisha sekunde 7 za mwisho, kutoka mita 100 hadi inapofika, hubeba karibu ukuaji wote uliobaki, na treni iliyokuwa imetulia inajaza macho kwa mara moja. Ni kama maziwa jikoni: unayatazama muda mrefu hayaonyeshi dalili, na yakianza kuinuka huna tena nafasi ya kufika kwenye sufuria. Kwa dereva wa lori tatizo ni kwamba uamuzi wa kuvuka hufanyika katika kile kipindi cha utulivu, wakati taarifa za jicho ni haba kuliko wakati mwingine wowote.

Hayo yangetokea kwa kitu chochote kinachokuja moja kwa moja. Treni huongeza jambo la pili. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, aliandika kwamba vitu vikubwa huonekana kwenda polepole kuliko vidogo hata pale vinapokuwa na mwendo uleule, na akapendekeza kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya ajali za makutano ya reli. Mfano wake ulitoka kwenye viwanja vya ndege, na msafiri wa barabara ya Moshi–Arusha anaweza kuuthibitisha karibu na KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro. Ndege kubwa ya kimataifa inaposhuka huonekana kama inaelea, ilhali ndege ndogo ya injini moja inayohudumia watalii wa Serengeti huonekana kukimbilia ardhini. Kwa kweli ile kubwa hutua kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa au zaidi, na ndogo iko mbali chini ya hapo.

Wazo la Leibowitz lilikaa miaka mingi likiwa limekubalika zaidi kuliko lilivyopimwa. Baadaye watafiti wa New Zealand walilipima kwa picha za kompyuta, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 washiriki walikadiria mwendo wa treni kuwa mdogo kuliko wa gari, ingawa vyote viwili vilikuwa vikienda sawa. Walipofuatilia mahali macho yanapotua, walikuta kwamba kwa kitu kirefu jicho huvutwa kuelekea katikati ya umbo lake, nyuma ya kichwa, na sehemu hiyo husogea machoni polepole kuliko ncha ya mbele. Maelezo hayo ni mazuri, lakini yametokana na kioo cha kompyuta. Dereva aliye makutanoni ana jua usoni, vumbi, na abiria wanaomhimiza.

Kuna pia utafiti unaoelekea upande mwingine, na haifai kuuficha. Mwaka 1991 Patricia DeLucia, wa Marekani vilevile, alionyesha kwamba watu wakiulizwa kitu kipi kitawafikia kwanza, mara nyingi hutaja kile kikubwa, hata kama kidogo ndicho kilicho karibu zaidi kufika. Kwa mujibu wa matokeo hayo, ukubwa ungemfanya mtu awe mwangalifu zaidi, na pikipiki ndiyo ingekuwa hatari. Inawezekana macho yaleyale hufanya makosa yote mawili kutegemea swali lililoulizwa: ukiulizwa mwendo, kikubwa huonekana cha polepole, ukiulizwa muda wa kufika, kikubwa huonekana cha mapema. Hivyo sehemu ya udanganyifu inayotokana na ukubwa bado inajadiliwa, ila ile ya ukuaji wa sura ni hesabu tupu na haina ubishi.

Kama jicho halipimi, basi usalama wa makutano unapaswa kutegemea kitu kingine, na kitu hicho ni muda. Basi lenye urefu wa mita 12 lililosimama mita 5 kabla ya reli linahitaji kusogea zaidi ya mita 20 ili mkia wake uwe salama upande wa pili; likiondoka taratibu na abiria, pamoja na sekunde 2 za dereva kuamua, hizo ni kama sekunde 11. Treni ya kilomita 50 kwa saa inakuwa imekata mita 150. Semitrela yenye shehena huchukua muda mrefu zaidi, na treni itakuwa imekata karibu mita 200. Kwa hiyo mahali pasipo na geti wala taa, dereva lazima aweze kuona umbali huo pande zote mbili akiwa bado nyuma ya mstari wa kusimama. Hapo kibanda cha chipsi, ukuta wa gereji au shamba la migomba ndani ya hifadhi ya reli ni suala la hesabu: kila mita ya reli kinayoizuia kuonekana inapunguza sekunde za mtu kuishi.

Foleni nayo ina hatari yake. Pale taa za barabarani zinapokuwa karibu na reli, magari husimama kwa taa nyekundu na mkia wa foleni ukabaki juu ya reli. Tarehe 25 Oktoba 1995, huko Fox River Grove katika jimbo la Illinois, basi la shule lilisimama kwenye taa nyekundu likiwa limevuka reli, isipokuwa kipande kifupi cha nyuma. Treni ikalipiga na wanafunzi 7 wakafa. Taa zile zilikuwa zimeunganishwa na mitambo ya reli ili ziruhusu magari kuondoka treni inapokaribia, lakini sekunde zilizotolewa hazikutosha. Anayevuka anatakiwa kwanza kuona nafasi ya gari lake zima ng'ambo ya reli, hata kama nyuma yake wanapiga honi.

Geti la kujiendesha huondoa kabisa kazi ya kukadiria, mradi lenyewe liaminike. Marekani hudai angalau sekunde 20 za tahadhari kabla treni haijafika. Mfumo wa zamani huanza kuwaka treni inapopita alama iliyowekwa umbali maalumu: ukiwekwa kwa ajili ya treni ya kilomita 80 kwa saa ili itoe sekunde 25, treni ya mizigo inayojikongoja kwa kilomita 15 itafungia barabara kwa zaidi ya dakika 2. Foleni inarefuka, watu wanaona geti limefungwa na treni haionekani, na bodaboda zinaanza kulizunguka. Mfumo mpya zaidi hupitisha umeme mdogo kwenye reli mbili. Ekseli za treni huziunganisha, na kadiri treni inavyokaribia ndivyo ukinzani, yaani kiasi ambacho njia huuzuia umeme kupita, unavyopungua. Kwa kupima kasi ya kupungua huko, mtambo hukokotoa treni itafika lini na kushusha geti kwa muda uleule kwa treni zote.

Mfumo huo, hata hivyo, una udhaifu unaohusu moja kwa moja reli kama ya Moshi na Arusha. Unategemea magurudumu kugusana na chuma safi, na reli inayopitwa na treni mara chache kwa wiki hushika kutu na vumbi, kiasi kwamba ekseli zinaweza kupita bila kuunganisha umeme na treni ikawa haipo machoni pa mtambo. Kwa njia za aina hiyo wahandisi hupendelea vihesabio vya ekseli, yaani vihisi vinavyofungwa kandokando ya reli na kuhesabu kila gurudumu linaloingia na linalotoka, kwa sababu vyenyewe havijali kutu.