Tibakemikali ya saratani ya matiti: inachoufanyia mwili wa mwanamke

Tibakemikali, au kemo kama wengi wanavyoiita wodini, ni matibabu ya dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli za saratani ya matiti zina tabia hiyo, lakini hata mashina ya nywele, utando wa ndani wa mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu hugawanya seli zake upesi, na dawa inayopita mshipani haiwezi kuzibagua. Wauguzi wa Tanzania wamezoea kuyaita madhara ya dawa "maudhi madogo madogo". Kwa kemo, si yote yanayostahili jina hilo.

Madhara hayaji kwa mkupuo mmoja. Dozi nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, na kichefuchefu ndicho hutangulia, ndani ya saa au siku chache, ndiyo maana dawa ya kukizuia hutolewa kabla ya dripu. Mwanamke anayepewa doksorubisini, dawa yenye rangi nyekundu, anaweza kukojoa mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili akadhani ni damu, kumbe ni rangi ya dawa. Nywele huanza kunyonyoka kwenye wiki ya pili au ya tatu, pengine pamoja na nyusi na kope, na huota tena miezi michache baada ya matibabu kuisha.

Upara huonekana na kila mtu, lakini hatari kubwa zaidi imo katika damu. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, huwa zimepungua mno, na maambukizi ambayo kwa kawaida yangepita yenyewe yanaweza kuua. Katika kipindi hicho homa ya nyuzi 38 au zaidi ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kuidhania malaria na kununua dawa dukani ni kupoteza muda usiokuwepo. Kwa sababu hiyo pia damu hupimwa kabla ya kila dozi, na dozi ikaahirishwa chembe hizo zisipotosha. Juisi ya rozela ambayo ndugu huleta kwa nia njema ya "kuongeza damu" haiziongezi.

Madhara mengine huchukua muda kujitokeza, na hukawia kuondoka. Paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, huumiza neva, mgonjwa akahisi ganzi au kuchomachoma vidoleni na nyayoni hadi kufunga kifungo cha blauzi kukawa kazi. Doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo kadiri dozi zinavyojumlishwa, hivyo moyo hupimwa kabla ya kuanza. Uchovu wa kemo hauishi kwa kulala, na kinyume cha wengi wanavyotarajia, baadhi ya wanawake hunenepa badala ya kukonda.

Ovari nazo huguswa. Hedhi inaweza kuvurugika au kukoma, kwa muda au moja kwa moja, hasa kwa aliyepita miaka 40, na ndiyo maana anayetaka kuzaa baadaye anapaswa kulisema kwa daktari kabla ya dozi ya kwanza. Hata hivyo, kukosa hedhi hakumaanishi kwamba mimba haiwezi kutunga, na kwa kuwa dawa hizi zinaweza kudhuru mimba, mgonjwa hushauriwa kutumia njia ya uzazi wa mpango isiyo na homoni, kama kondomu au kitanzi cha shaba.