Lubumbashi miaka ya shaba: mji uliolipa neno "kazi" maana nyingine

Mzee wa Lubumbashi anaweza kulima mahindi tangu alfajiri mpaka jua la utosi, na ukimuuliza kama ana kazi akakujibu bila kusita kwamba hana. Hajakosea. Katika Kiswahili cha Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, kazi ni ajira: kuandikishwa, kupewa namba, kuingia king'ora kinapolia, kupokea mshahara na posho. Kulima ni kulima tu. Maana hiyo haikutoka Unguja wala Mombasa. Ilizaliwa migodini na kwenye tanuri za shaba, na kuieleza ni kueleza mji mzima. Sisi tunaofundisha historia ya miji tunasikitika kuona simulizi nyingi za Kiswahili kuhusu Katanga zikimtaja Msiri, mtawala wa karne ya kumi na tisa, kisha zikaruka moja kwa moja hadi kwa Tshombe, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, kana kwamba miaka karibu sabini ya katikati hapakuishi watu.

Shaba yenyewe ni kongwe kuliko mji. Wafuaji wa Katanga walichimba malakiti, jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwenye tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba iliyotumika kama fedha. Ukiuweka msalaba mmoja kiganjani, unaona mikono minne inayokaribia kulingana, na uso wake bado una chunusi za mchanga wa kalibu. Ni mzito kuliko macho yanavyodhani. Msiri, aliyetoka upande wa Usumbwa katika magharibi ya Tanzania ya leo, aliijenga dola yake ya Bunkeya juu ya biashara ya shaba hiyo, pembe za ndovu na watumwa. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka uliofuata mwanajiolojia Mbelgiji, Jules Cornet, akawa anaandika juu ya madini aliyoyaona.

Kampuni ya migodi ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Mji ukaanzishwa mwaka 1910 karibu na mto Lubumbashi, ukaitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Septemba mwaka huohuo reli ikafika, nayo haikutoka upande wa bahari ya Atlantiki. Ilitoka kusini, kupitia Rhodesia, yaani Zimbabwe na Zambia za leo. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa, kutokana na mawe ya mgodi wa Étoile, ambao wenyeji wanauita Kalukuluku. Mwaka huo uzalishaji haukufika tani 1,000. Kufikia mwaka 1930 ulikaribia tani 140,000, na mwaka 1960 ulikuwa kiasi cha tani 300,000.

Kuja kwa reli kutoka kusini kuliamua mambo mengi. Makaa ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, Hwange ya leo nchini Zimbabwe. Mafundi wengi wazungu walitokea Afrika Kusini. Fedha iliyozunguka madukani ilikuwa pauni ya Kiingereza, na wasimamizi waliwaamuru vibarua kwa lugha ya mchanganyiko ya migodi ya kusini. Wabelgiji waliona koloni lao likiwaponyoka taratibu bila bunduki kulia. Moja ya dawa walizotumia ni Kiswahili. Kilikuwa kimekwishafika eneo hilo kwa njia za misafara, lakini hakikuwa lugha ya watu wengi pale mjini. Utawala, wamisionari na kampuni wakakisukuma kiwe lugha ya amri na ya shule za awali, ili kukata kamba ya kusini. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kilisambaa chenyewe kama harufu ya mkate. Kilichaguliwa kwa sababu za kisiasa, kisha watu wakakichukua na kukifanya chao.

Walikichukuaje? Hapo ndipo penye kiini cha habari.

Miaka ya mwanzo kampuni iliajiri wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi michache. Waliletwa kutoka mbali, wakalazwa kwenye vibanda, wakafa kwa wingi kwa homa ya matumbo, kuhara damu na nimonia, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaongeza makaburi. Waliosalia mkataba ulipoisha waliondoka, na ujuzi wao wakaondoka nao. Kila baada ya miezi michache fundi alianza upya kumfundisha mtu mpya namna ya kuishika nyundo. Ilikuwa hasara, na kampuni ilijua kuhesabu.

Mwaka 1928 ikageuza mwelekeo. Mikataba ikawa ya miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa aje na mke. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyekuwa msukumo mkubwa wa sera hiyo. Watu wakaletwa kutoka Kasai, Lomami, hata Rwanda na Burundi. Kambi zikajengwa nyumba za matofali, zahanati, shule za wamisionari, vituo vya kupimia watoto uzito. Posho ya unga, maharage, samaki na mafuta ya mawese ilitolewa kwa kuhesabu vichwa vya familia. Ukitazama vizuri utaona kwamba kampuni haikuwa ikiajiri mtu tena, ilikuwa ikiajiri nyumba nzima, pamoja na watoto ambao wangekuja kushika nyundo ya baba yao.

Na katika kambi hizo, nyumba ya Mluba ilipakana na ya Mbemba, na ya tatu ikawa ya mtu wa Rwanda. Akina mama walipanga foleni moja ya posho, wakasongea bukari, yaani ugali wao, ua kwa ua. Waongee nini? Watoto waliocheza kati ya nyumba zile walikuwa kizazi cha kwanza kukinyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Kuna usemi uliobaki tangu enzi hizo: "Union Minière njo baba, njo mama." Hiyo "njo" ni "ndiyo" ya kwetu. Usemi huo una shukrani ya kweli ndani yake, nami siwezi kuubeza, maana watoto walipona magonjwa yaliyowaua kaka zao. Lakini baba yule alikuwa pia na fimbo. Alijua nani amelala wapi, nani mlevi, mtoto wa nani hakwenda shule. Wakati wa mdororo wa miaka ya 1930 aliwarudisha makwao maelfu ya wanawe bila kuwauliza.

Vita vya Pili vilipoanza, Washirika walihitaji shaba. Tanuri hazikuzimwa, bei za bidhaa zikapanda, mishahara ikabaki palepale. Desemba 1941 wafanyakazi Wakongo waligoma wakidai nyongeza. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya Élisabethville. Mmoja wa viongozi wao, Léonard Mpoyi, alikataa kuwaambia wenzake warudi kazini bila ahadi ya kushikika. Askari wakafyatua risasi. Mpoyi aliuawa, pamoja na makumi ya wenzake, na idadi inabishaniwa hadi leo. Sijui tukio jingine linaloeleza vizuri zaidi mji ule: uwanja uliotolewa na kampuni ili watu wake wafurahi ndio uliowakusanya wauawe.

Neema kubwa ilikuja baada ya vita, hasa bei ya shaba ilipopanda wakati wa vita vya Korea. Mji ukapata chuo kikuu mwaka 1956. Timu ya mpira iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1939, TP Mazembe ya leo, ingekuja kuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Kwenye karakana ya sanaa ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, iliyoanza miaka ya 1940, Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki wenye rangi zinazochangamka hata leo. Hata hivyo mtaa wa wazungu na mtaa wa Waafrika vilikuwa vimetenganishwa na ukanda wa ardhi tupu, na neema ilipimwa kwa upande uliolala.

Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi, mwaka 1967 serikali ikachukua migodi, na baadaye kampuni ikajulikana kama Gécamines. Watu wakamhamishia baba mpya usemi wa zamani. Posho ikaendelea, hospitali zikaendelea, mpaka miaka ya 1990 uzalishaji ulipoanguka. Tangu miaka ya 2000 mlima mweusi wa mabaki ya tanuri, unaosimama kando ya bomba refu la moshi, umekuwa ukiyeyushwa upya kutafuta kobalti ambayo wakati ule ilitupwa. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa Gécamines kwa mkupuo mmoja na kulipwa fedha za kuachia kazi. Wengi walirudi kwenye jembe, kwenye viunga vya mji na ng'ambo ya reli. Wanaondoka alfajiri, wanarudi jioni na udongo miguuni, na ukiwauliza wanakwambia kazi iliisha mwaka ule.