Nzi Jambazi: Maana ya Familia ya Asilidae

Nzi jambazi ni nzi yeyote wa familia ya Asilidae, kundi ambalo wadudu wake waliokomaa, madume kwa majike, huishi kwa kuwakamata wadudu wengine na kuwafyonza. Spishi zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi zinakaribia 7,500, na zimeenea katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Wadogo kabisa wana urefu wa milimita 3 hivi, na wakubwa hupita milimita 50. Hupenda mahali pa wazi, pakavu na penye jua, na saa zao za kazi ni zile za joto, wakati wadudu wengi wako hewani.

Jina lenyewe lina kasoro kidogo. Jambazi hupora akakimbia, lakini huyu haibi kitu: anaua, kisha anatua na kula kwa utulivu. Jina limekwisha kukaa, kwa hiyo tulitumie, ila tusilichukue kuwa fasili. Nzi wawindaji ni wengi na si wote ni majambazi. Familia za Empididae na Dolichopodidae zina wawindaji tele, na hata katika familia ya nzi wa nyumbani kuna jenasi Coenosia inayokamata vidudu hewani. Asilidae hutambulishwa na maumbile, na sehemu kubwa ya maumbile hayo iko kichwani.

Mtazame nzi jambazi kwa mbele. Kati ya macho yake mawili makubwa utosi umebonyea kama bonde, na ndani ya bonde hilo kuna kinundu kinachobeba macho madogo matatu, yaani oseli. Nzi wa nyumbani au pange hana bonde hilo. Chini yake, usoni, kuna ndevu: shada la nywele ngumu linaloitwa mistaksi. Katika spishi nyingine hufunika uso mzima, katika nyingine ni safu chache tu juu ya mdomo. Kazi yake ni kuukinga uso na macho dhidi ya miguu, miiba na mabawa ya windo linalopigania uhai.

Chini ya ndevu unatokeza mdomo mfupi, mgumu, ulioelekezwa mbele au chini. Uonacho kwa nje ni ala tu. Silaha imo ndani: haipofarinksi, sindano yenye ncha kali, ambayo hutoboa na kupitisha mate. Hapa ndipo tofauti na pange ilipo. Jike la pange hukata ngozi ya mnyama kwa taya zilizo kama visu, kisha hunyonya damu, na dume lake haling'ati kabisa. Nzi jambazi hana visu hivyo, ana sindano moja, na jinsia zote mbili huitumia.

Miguu nayo ni ya mwindaji: minene, yenye miiba na nywele ngumu. Mwishoni mwa kila mguu mna kucha mbili na, kwa wengi, vijito viwili laini vya kukanyagia, kama mito midogo ya kulalia. Katikati ya vijito hivyo hakuna kijito cha tatu, kuna unywele mmoja mgumu tu. Pange ana vijito vitatu. Ukiwa na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, alama hii moja inatosha kumaliza ubishi mwingi.

Anavyowinda

Wengi wao ni wa kuvizia. Mdudu hukaa juu ya kijiti, jiwe, jani au ardhi tupu, akigeuza kichwa kila kitu kinapopita, kisha huruka kama mshale. Akikosa hurudi palepale au jirani, ndiyo maana anayetaka kumtazama hana haja ya kumfukuza. Simama hatua chache, kivuli chako kisimwangukie, ungoje.

Utafiti mzuri kuhusu ruko hilo ulichapishwa mwaka 2017 na kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge. Uliangalia Holcocephala fusca, kijidudu cha milimita 6 hivi chenye macho makubwa ajabu kwa mwili wake. Sehemu ya mbele ya kila jicho ina lenzi kubwa kuliko pembeni, na ndiyo inayompa uoni mkali. Anaporuka, hafuati windo kwa nyuma. Analikata njia kwa kuhakikisha pembe anayoliona nayo haibadiliki. Mabaharia wanaijua kanuni hii vizuri: chombo kingine kikibaki katika pembe ileile huku kikizidi kuwa kikubwa, mtagongana. Baharini ni jambo la kukwepa, kwa nzi huyu ndilo lengo. Akibakiza sentimita 29 hivi hubadili mwendo, akapunguza kasi na kulinganisha ruko lake na la windo, hivyo hulifikia kwa upole zaidi na hata likipinda ghafla bado hulidaka.

Macho hayo, hata hivyo, hayamwambii kila kitu. Kwa mbali anachohukumu ni ukubwa unaoonekana na mwendo. Shanga ndogo inayopitishwa kwa uzi au kichangarawe kilichorushwa humfanya aruke pia, kisha akageukia njiani.

Windo hudakwa kwa miguu yote iliyokunjwa kama tenga. Kinachofuata ni kutafuta mahali laini: shingo, jicho, au utando ulio kati ya pingili za tumbo. Mbawakawa ana deraya mgongoni, lakini akiwa anaruka mabawa yake magumu yamefunuka, na mgongo laini uko wazi. Majambazi wa nusufamilia ya Laphriinae huitumia nafasi hiyo hasa. Sindano ikigonga mahali pagumu, nzi hulizungusha windo kwa miguu, mara nyingine akielea hewani, mpaka apate upenyo.

Mate yanayoingia hufanya kazi mbili. Sumu hulegeza mishipa ya fahamu, na windo hutulia upesi mno. Vimeng'enya huyeyusha nyama ya ndani iwe mchuzi, naye huufyonza kwa mdomo uleule. Utafiti wa mwaka 2018 juu ya Machimus arthriticus na Eutolmus rufibarbis ulikuta katika sumu hiyo protini fupi zilizopewa jina la asilidini, kutokana na jina la familia. Mlo huchukua dakika chache au hata kupita saa moja, kutegemea ukubwa wa windo, na kinachoanguka chini ni ganda tupu.

Orodha ya anaowala ni ndefu: nzi wenzake, nyuki, nyigu, mbawakawa, panzi, vipepeo, kunguni wa mimea, mara nyingine hata kerengende. Hula pia majambazi wenzake, na dume linalomkaribia jike vibaya linaweza kuishia kuwa chakula. Kumwita rafiki wa mkulima, kama wanavyopenda baadhi ya waandishi, ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye hachagui kati ya mdudu mharibifu na mchavushaji, huchukua kinachopita kwa ukubwa anaoumudu. Mallophora ruficauda wa Ajentina anajulikana kwa wafuga nyuki kwa sababu hiyo, ingawa lava wake (mtoto ambaye bado hajawa nzi) hula mabuu ya mbawakawa yanayokula mizizi. Faida na hasara zimo ndani ya spishi moja.

Binadamu hayumo katika orodha yake. Ukimshika kwa vidole atakudunga kujitetea, na maumivu yake ni makali.

Kutoka yai hadi nzi

Maisha ya nzi waliokomaa ni ya wiki kadhaa tu. Sehemu kubwa ya umri, mwaka mmoja mpaka mitatu kwa spishi nyingi, hupita katika hali ya lava ambaye hakuna anayemwona.

Namna ya kutaga hutofautiana na umbo la ncha ya tumbo la jike huonyesha ipi ni ipi. Mwenye ncha iliyobanwa kama kisu hupenyeza mayai ndani ya mashuke ya nyasi au nyufa za mimea. Mwenye duara la miiba huchimba na kutaga mchangani. Wengine huyadondosha tu bila mpango. Jenasi Promachus na Mallophora huyafunika kwa povu linaloganda kuwa jeupe kama chokaa juu ya bua. Mallophora huchagua mabua marefu au nyaya za ua kwa kusudi: lava wachanga huanguka na kupeperushwa na upepo, kisha hujichimbia ardhini na kulitafuta buu kwa harufu yake.

Lava wa kawaida ni mrefu, mweupe, wa mviringo, asiye na miguu, mwenye kichwa kidogo cheusi kigumu. Huishi udongoni au ndani ya mbao zinazooza, akila mayai na lava wa wadudu wengine. Wa Laphria hufuata mabuu ya mbawakawa ndani ya magogo. Wa Hyperechia, jenasi ya Afrika na Asia, wako katika vichuguu vya wale nyuki weusi wakubwa watoboao mbao, Xylocopa, wakiwala watoto wao. Na Hyperechia mzima anafanana na nyuki huyohuyo kwa rangi, manyoya na hata mvumo.

Bundo, yaani hatua iliyo kati ya lava na nzi mzima, hana kifuko kinachomfunika. Ana miiba mwilini, na siku ikifika hujisukuma kwa miiba hiyo mpaka nusu yake itokeze nje ya udongo au gogo, kisha nzi mzima hutoka. Ganda lililobaki limesimama wima ardhini ni ushahidi bora kuliko nzi mwenyewe, kwa sababu linathibitisha kuwa spishi hiyo imezaliana hapo, haikupita njia tu.

Mahali pake katika mpangilio

Asilidae wamo katika oda ya Diptera, nusuoda ya Brachycera, yaani nzi wenye vipapasio vifupi, na familia kuu ya Asiloidea. Jenasi Asilus ilipewa jina na Linnaeus mwaka 1758, na spishi yake ya mfano ni Asilus crabroniformis wa Ulaya. Familia ilianzishwa na Latreille mwaka 1802. Ndugu zao wa karibu ni Apioceridae na Mydidae. Hawa wa mwisho huwachanganya watu kwa sababu nao wana utosi uliobonyea, lakini mishipa ya mabawa yao hupinda kwenda mbele na kuishia kabla ya ncha ya bawa. Ukoo huu ni wa kale: katika kaharabu ya Myanmar, yenye umri wa miaka milioni 100 hivi, wamo majambazi unaoweza kuwatambua leo kwa macho.

Ndani ya familia ndiko kulikokuwa na vurugu. Kwa muda mrefu nusufamilia ya Dasypogoninae ilikuwa kapu la kutupia kila spishi isiyoenea kwingine. Leptogastrinae, wembamba kama vijiti na wasio na vijito miguuni, waliwahi kutolewa kabisa na kufanywa familia yao mwaka 1968, kisha wakarudishwa. Uchambuzi wa mtaalamu wa nzi Torsten Dikow wa mwaka 2009 uliweka nusufamilia 14, na mpangilio huo ndio wengi wanaoufuata. Chache zina alama za haraka. Asilinae na Laphriinae wana seli r1 ya bawa (eneo lililozungukwa na mishipa ya bawa) iliyofungwa kabla ya ukingo. Vijiti vya pembeni ya mdomo, palpi, vina pingili mbili kwa Laphriinae na moja kwa Asilinae. Ommatiinae wana ncha ya kipapasio yenye vinywele kama unyoya. Stichopogoninae watafutwe kwenye mchanga, kandokando ya mito na fukwe.

Kupata jina sahihi

Kosa la kwanza ni picha moja ya kutoka juu. Picha hiyo huonyesha rangi na manyoya, vitu ambavyo nzi huyu amezoea kudanganya navyo. Piga nne: uso kwa mbele, kichwa kwa ubavu ili mdomo na palpi vionekane, bawa lililonyooshwa, na ncha ya tumbo. Ya mwisho ndiyo inayoamua spishi katika jenasi nyingi, hasa viungo vya uzazi vya dume.

Akiwa amefanana na nyuki, hesabu mabawa: nyuki ana manne, nzi ana mawili na vijirungu viwili vya mizani nyuma yake. Vipapasio vya nyuki hupinda kama kiwiko, vya nzi jambazi ni vifupi na huelekea mbele.

Anayekusanya vielelezo atumie pini ya wadudu namba 2 au 3, aipitishe kulia kidogo mwa mstari wa kati wa kifua. Ikipita katikati huharibu nywele za pande zote mbili, na mpangilio wa nywele hizo unahitajika. Nyoosha miguu na uteremshe mabawa kabla hajakauka, maana akikauka ncha za vipapasio huvunjika kwa kuguswa tu. Aliyekamatwa na windo mdomoni atenganishwe mara moja katika kichupa chake, kwa sababu ndani ya chupa ya kuulia hulidondosha, na likichanganyika na mawindo ya wengine hakuna atakayejua nani alikuwa anakula nini. Wote wawili wapewe namba moja kwenye lebo, pamoja na mahali, tarehe, saa, na alipokuwa ametua: mchanga, jiwe, jani au gogo.