GPA haisemi kila kitu: dhana potofu kuhusu upimaji vyuoni

Dhana: Sanaa haipimiki, ni ladha ya mwalimu tu.

Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na bado wapo wanaodhani cheti cha ngoma ni cha kupewa. Haya, mweke mpigaji mbele ya wapimaji wawili. Wenzake wakipandisha kasi, anakwenda nao au anawaacha? Kiongozi akipiga ishara ya kubadilisha, anageuka papo hapo au anachungulia kwanza jirani anafanya nini? Mlio mzito wa katikati ya ngozi na ule mkali wa ukingoni anaitenganisha? Vigezo huandikwa kabla, kila kimoja na ngazi zake. Kila mpimaji anatoa alama peke yake, kisha wanalinganisha. Wakipishana sana, wanarudi kwenye vigezo. Ladha ipo, ila imefungwa kamba. Mimi naiona ladha zaidi kwenye insha ya kurasa kumi inayosahihishwa na mtu mmoja, usiku, huku rundo lingine likimsubiri.

Dhana: Mwenye GPA kubwa ndiye aliyejifunza zaidi.

GPA ni wastani wa alama za masomo yote, na wastani hufunika mengi. Vyuo vikuu vyetu Tanzania huhesabu 4.4 kwenda juu, kati ya 5, kuwa daraja la kwanza, lakini namba hiyo haisemi kama mhitimu anaweza kuchambua takwimu au alikuwa hodari wa kumeza madesa (notisi za kukariri) wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kujua hilo, lazima alama zifumuliwe swali kwa swali: hili lilipima nini, na wangapi wamekwama hapo?

Dhana: Tukiisifia kozi kwenye fomu ya kumtathmini mhadhiri, basi tumeelewa.

Si lazima. Utafiti wa darasa la fizikia Harvard, uliochapishwa 2019, ulikuta wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani wamefaulu kuliko waliosikiliza mhadhara ulioandaliwa vizuri, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao!

Dhana: Matokeo ya kujifunza (yale mwanafunzi anayotakiwa kuweza mwisho wa kozi) ni maandishi ya kuwaridhisha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Yakiandikwa ovyo, ndiyo. "Mwanafunzi ataelewa historia ya pwani" utaipimaje? Andika badala yake kwamba atatumia magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, kueleza biashara ya pwani kabla ya Wareno. Hapo unampeleka Kaole asubuhi moja, unamwambia: haya, eleza.